Jembe Mikononi mwa Mwanafunzi

Utamaduni wa taifa haukomei katika ngoma, mavazi na mashairi. Namna watu wanavyopata chakula chao, na namna wanavyowafundisha watoto wao kukipata, ni sehemu ya utamaduni huo, na pengine ndiyo sehemu iliyo nzito kuliko zote. Katika ngao ya Taifa letu zimechorwa zana mbili zilizopishana, jembe na shoka, ili kila raia akumbuke kuwa nchi hii imejengwa kwa mikono ya wakulima. Lakini jembe hilo hilo lililopewa heshima katika ngao, katika shule zetu nyingi limegeuzwa kuwa fimbo. Mwanafunzi aliyechelewa hupimiwa ngwe apalilie. Aliyepiga kelele darasani hutumwa akafyeke. Mtoto huyo akimaliza shule na kulikimbia shamba, sisi wakubwa hushangaa na kumwita mvivu.

Katika makala haya tutatazama historia ya shule za kilimo nchini mwetu, hasa zile shule za serikali zilizojengwa vijijini kwa nia ya kumlea kijana msomi aliye mkulima. Historia hiyo ina mafunzo makubwa kwa mwalimu na kwa mwanafunzi, kwa sababu mara nyingi imeelezwa kombo. Imesemwa kwamba Mwafrika alipopelekwa shule alianza kulidharau jembe. Sisi twaona kwamba jambo hilo lataka kuchunguzwa upya.

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe." Wengi huitumia methali hii kama dokezo la kumwondoa mgeni aliyezidisha siku. Lakini maana yake ni pana zaidi ya hapo. Anayepewa jembe siku ya tatu hupewa nafasi katika nyumba: tangu hapo hali chakula cha wenyewe, anakula alicholima pamoja nao. Katika karne ya 19 majembe ya chuma yaliyofuliwa na wahunzi wa Usukuma na Unyamwezi yalikuwa bidhaa ya thamani iliyosafiri mbali, na katika makabila kadhaa yalitolewa mahari. Jamii inayooza binti zake kwa majembe haiwezi kuambiwa kuwa hailiheshimu jembe.

Wala elimu ya kilimo haikuletwa na shule. Wamatengo wa Mbinga, wakaao katika miteremko mikali, hulaza majani katika mistari inayokatana, kisha huyafunika kwa udongo uliochimbwa katikati, hata mlima mzima ukawa na vishimo kama masega ya nyuki. Mvua inyeshapo, maji hutua katika vishimo hivyo badala ya kuporomosha udongo bondeni. Wakara, katika kisiwa chao kidogo ndani ya Ziwa Viktoria, walizoea kufuga ng'ombe ndani ya nyumba, kuwakatia majani, na kuitia samadi yao mashambani, kwa kuwa ardhi yao ni haba na watu ni wengi. Wachaga walichimba mifereji ya kuteremsha maji ya Kilimanjaro hadi migombani. Wahaya walikirutubisha kibanja kwa samadi na nyasi, kibanja kikarithiwa na vizazi kwa vizazi bila kuchoka. Mtoto alifundishwa mambo hayo kwa kushirikishwa: alipewa kijembe chake, akaonyeshwa mbegu, akaambiwa sababu, na jioni akala matunda ya kazi yake.

Utawala wa Wajerumani ulipoingia, ulileta kalamu kwa mkono mmoja na kiboko kwa mkono wa pili. Shule ya serikali ya Tanga, iliyofunguliwa katika miaka ya 1890, ilitoa makarani, walimu na maakida. Waliopita hapo walivaa nguo safi, walipata mshahara, na waliagiza. Wakati huo huo, kuanzia mwaka 1902, watu wa sehemu za pwani na kusini walilazimishwa kulima mashamba ya pamba chini ya majumbe na maakida, bila kuulizwa shauri na bila kuona faida ya jasho lao. Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, vita vya Maji Maji vilianza kwa kung'oa miche ya pamba. Watu wale walikuwa wakulima hodari. Walichokikataa ni shamba ambalo mlimaji wake hana kauli wala fungu. Somo la wakati ule likaingia katika fikira za wazee wetu: mwenye kalamu husimamia, asiye na kalamu husimamiwa.

Waingereza walipoichukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walikuta fikira hiyo imekwisha kuota mizizi. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones, na ambayo miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Mwafrika mashuhuri J. E. K. Aggrey wa Gold Coast, ilizunguka Afrika ya Mashariki. Tume hiyo ilivutiwa na shule za Hampton na Tuskegee huko Marekani, ambamo watu weusi wa majimbo ya kusini walifundishwa kilimo na ufundi pamoja na masomo ya vitabu. Ilishauri kwamba elimu ya Mwafrika ifungamane na maisha ya kijijini: kilimo, afya na kazi za mikono. Mwaka 1925 serikali ya London ilitangaza siasa ya elimu kwa makoloni yake ya Afrika iliyofuata njia hiyo.

Tukiyasoma mawazo hayo leo, hatuwezi kusema kuwa yote yalikuwa mabaya. Kusema kwamba shule isimtenge mtoto na wazazi wake ni kusema kweli. Kasoro yake ilikuwa katika kitu kingine. Nchi ile ile ilikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, kila moja mbali na nyingine. Hakuna aliyependekeza kwamba mtoto wa Mzungu afunzwe kulima ili asije akatengana na kijiji chake. Ushauri wa jembe ulitolewa kwa upande mmoja tu, na waliokuwa upande huo walikuwa na macho.

Majaribio mawili yatuonyesha jinsi mambo yalivyokwenda. La kwanza ni lile la Malangali, katika nyanda za juu za kusini, iliko sasa wilaya ya Mufindi. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 1928 chini ya afisa wa elimu aliyeitwa W. B. Mumford. Yeye alitaka shule isimame juu ya mila za Wahehe, Wabena na Wasangu. Wazee walialikwa kufundisha mila na historia. Wavulana walivaa mavazi ya kienyeji, wakacheza ngoma, wakatupa mikuki, wakalima na kuchunga ng'ombe. Kwa nje, hapakuwa na shule iliyouheshimu utamaduni wetu kuliko ile. Hata hivyo, aliyeamua ni mila ipi ihifadhiwe na ipi iachwe hakuwa Mhehe wala Mbena. Mila, ambayo kwa asili hukua na kubadilika pamoja na wenyewe, ilisimamishwa mahali pamoja kama mnyama aliyekaushwa akawekwa katika makumbusho. Mumford alipoondoka, jaribio lilififia, na Malangali ikafuata njia ya shule nyingine.

La pili ni lile la Nyakato, karibu na Bukoba. Katika miaka ya 1930 serikali iliigeuza shule yake ya mahali hapo kuwa shule ya kilimo. Nia ilikuwa kwamba vijana wa Kihaya wafunzwe ukulima bora, kisha warudi vijijini wawe mfano kwa wenzao. Wazazi walipinga. Walikuwa wakulima wa kahawa, na wengi wao waliijua biashara yake barabara. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, waliiona Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ikipanda daraja na kutoa waganga na walimu. Tangu mwaka 1924 walikuwa na chama chao, Bukoba Bahaya Union, ambamo mmoja wa viongozi alikuwa Klemens Kiiza, mtu wa kahawa na mtu wa kalamu kwa pamoja. Watu kama hao hawakuona sababu ya kupeleka kijana akafundishwe kutunza mgomba na mkahawa ambao bibi yake angeweza kumfundisha nyumbani, huku Kiingereza, hesabu na sheria, yaani mambo ambayo bibi hakuwa nayo, yakipunguzwa. Mpango huo haukudumu. Katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1937, wakulima wa Bukoba walizipinga hadharani kanuni walizopangiwa na serikali juu ya utunzaji wa kahawa.

Wakoloni waliandika kwamba Wahaya walipenda ukarani kuliko kilimo. Sisi tunaona kwamba Wahaya walipiga hesabu iliyo sahihi. Bei ya kahawa haikuamuliwa shambani. Iliamuliwa ofisini, kwa kalamu. Ushuru ulipangwa kwa kalamu. Hati ya shauri la ardhi iliandikwa kwa kalamu. Mzazi aliyetaka mwanawe abaki na shamba lake alikuwa na sababu nzuri ya kumtafutia kalamu kwanza. Serikali iliyompa jembe badala ya kalamu ilimwambia, bila kutamka, kwamba mwanawe ataendelea kusimamiwa.

Somo hilo halikushika. Baada ya Vita Kuu ya Pili zilianzishwa shule za kati, za darasa la tano hadi la nane, na katika nyingi ya hizo kilimo kilikuwa cha lazima. Lakini miaka hiyo ndiyo miaka ambayo mabwana shamba walikuwa wakiwalazimisha wakulima kuchimba matuta milimani, na asiyechimba akatozwa faini. Mwaka 1955 Waluguru walipinga matuta hayo hata damu ikamwagika. Wasambaa nao walikwisha kuyachoka. Mtoto wa shule ya kati aliyeshikishwa jembe asubuhi, jioni alimkuta baba yake ametozwa faini kwa ajili ya jembe hilo hilo. Kwa hiyo, Uhuru ulipofika mwaka 1961, kulima shuleni kulikuwa kumekwisha kupata harufu ya ukoloni, na moja ya mambo ambayo watu waliyangojea kwa hamu ni shule isiyo na shamba.

Ndipo mwezi Machi 1967, muda mfupi baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Lilikuwa jambo gumu kulisema. Taifa changa lilikuwa limefanya kazi kubwa: wanafunzi wa shule za msingi walikuwa wameongezeka kutoka 490,000 mwaka 1961 hadi 825,000, na wa sekondari kutoka 11,832 hadi 25,000. Lakini katika kila watoto 100 wa shule za msingi, kama 13 tu ndio waliopata nafasi ya sekondari. Wale 87 waliobaki walifundishwa kwa muda wa miaka saba kujiandaa kwa safari ambayo hawakuwa na nauli yake, kisha wakarudishwa nyumbani wakiwa wanajiona wameshindwa.

Mwalimu hakurudia maneno ya tume ya mwaka 1924. Tofauti iko katika mambo mawili. Kwanza, jembe lilielekezwa kwa wote, kwa mtoto wa waziri na kwa mtoto wa mkulima, kwa mwanafunzi wa sekondari sawasawa na wa shule ya msingi. Pili, andiko lilitaka wanafunzi washiriki katika kuamua: walime nini, watumie mbolea gani, mapato yafanyiwe nini, waonje faida wakifanya vyema na waonje hasara wakizembea. Shamba liwe mahali pa kujifunzia, na hesabu yake iwe wazi kwa walioilimia. Tukitumia lugha ya wahenga, mwanafunzi alipewa jembe kama mtu wa nyumbani.

Kwa msingi huo, katika miaka ya 1970 shule za sekondari za serikali ziligawiwa michepuo: kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu. Mchepuo wa kilimo ulienea zaidi katika shule za vijijini, zilizokuwa na ardhi ya kutosha. Mwanafunzi aliendelea na hisabati, lugha na sayansi kama wenzake wote, na juu ya hayo alisoma udongo na rutuba yake, mbegu, wadudu na magonjwa ya mimea, ufugaji, na utunzaji wa hesabu za shamba. Alama zake zilihesabiwa katika mtihani wa taifa. Hapa, kwa mara ya kwanza, kalamu na jembe viliwekwa juu ya meza moja. Kijana aliyefuzu aliweza kwenda vyuo vya kilimo kama Tengeru, Ukiriguru na Uyole, au Morogoro, ambako chuo cha kilimo kilichoanza mwaka 1965 kilipanda hadi kuwa kitivo cha Chuo Kikuu, na mwaka 1984 kikawa Chuo Kikuu cha Kilimo chenye jina la Hayati Edward Moringe Sokoine. Mabwana shamba na mabibi shamba wengi walioitumikia nchi hii walipita katika njia hiyo.

Hata hivyo, matumaini yote hayakutimia. Wataalamu waliowapima wanafunzi wa kidato cha nne wa mwaka 1981 walikuta kwamba vijana wa mchepuo wa kilimo waliijua elimu ya kilimo kuliko wenzao, lakini mchepuo huo haukubadili sana njia walizozifuata baada ya shule. Wengi walitafuta masomo zaidi na kazi za mshahara, kama walivyofanya wa michepuo mingine.

Sababu ni nyingi, na nyingine zilikuwa nje ya ua wa shule. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976. Katika miaka iliyofuata mkulima mara nyingi alilipwa bei ndogo, tena kwa kuchelewa. Kijana aliyefundishwa kupiga hesabu ya shamba alipiga hesabu hiyo akaona haimlipi. Hapo hatuwezi kusema kwamba elimu ilishindwa. Kijana alikuwa ameielewa vizuri mno.

Lakini sababu nyingine zilikuwa ndani ya ua, na hizo ndizo zinazotuhusu sisi tulio karibu na shule. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, shule zilihimizwa zaidi kujilipia sehemu ya gharama zake. Agizo lenyewe lilikuwa na maana, kwani nchi ilikuwa maskini. Lakini katika shule nyingi kilichoanza kama somo kiligeuka kuwa mradi. Kilichotazamwa kikawa magunia, si maarifa. Aliyeamua kipandwe nini akawa mkuu wa shule au kamati yake. Mavuno yakauzwa bila mwanafunzi kujua yaliuzwa kwa bei gani wala fedha ilinunua nini. Na kwa kuwa kazi ilikuwa nyingi na wapenzi wake wachache, adhabu ikawa njia rahisi ya kupata vibarua. Hivyo shamba la shule likaanza kufanana na shamba la jumbe, ingawa bendera iliyopepea juu yake ilikuwa yetu wenyewe.

Mambo hayo yote ni historia, lakini si historia iliyokwisha. Katika miaka ya karibuni Serikali imeipitia upya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, na katika toleo lake la mwaka 2023 umewekwa mkondo wa amali katika sekondari, ulioanza kutekelezwa mwaka 2024, ambao kilimo ni moja ya fani zake. Kwa mara nyingine kijana wa sekondari anawekewa jembe mkononi, na kwa mara nyingine mzazi anauliza swali ambalo Wahaya wa Nyakato waliliuliza: je, mnampa mwanangu jembe pamoja na kalamu, au badala ya kalamu? Mzazi huyo asibezwe. Ajibiwe kwa vitendo, na majibu yake yamo mikononi mwa mwalimu.

Jibu la kwanza ni kuitenga kabisa kazi ya shamba na adhabu. Mwalimu wa hisabati hamwadhibu mtoto mtoro kwa kumpa hesabu kumi, maana anajua kwamba kwa kufanya hivyo atalichukiza somo lake. Kwa nini basi somo la kilimo litendewe hivyo? Jibu la pili ni daftari la shamba liwe wazi kwa wanafunzi: mbegu ziligharimu kiasi gani, mvua ilinyesha lini, magunia yalikuwa mangapi, yaliuzwa kwa bei gani, na faida ilifanya nini. Daftari hilo moja lina ndani yake hisabati, jiografia, sayansi na uraia. Jibu la tatu ni kuwaita wazee. Shule iliyo Mbinga isiyomwalika mzee wa Kimatengo aeleze maana ya vishimo vyake, imeacha maktaba nje ya lango. Lakini mzee huyo asialikwe kama kichekesho cha kale. Aulizwe, abishiwe kwa heshima, na maarifa yake yapimwe pamoja na yale ya kitabuni, maana hivyo ndivyo utamaduni ulio hai unavyokua.

Nanyi wanafunzi, msikubali kudanganywa kwamba kalamu na jembe ni mahasimu. Waliovitenganisha walikuwa na faida yao katika kuvitenganisha. Mwenye jembe bila kalamu hupangiwa bei na wengine. Mwenye kalamu bila jembe hungoja kulishwa. "Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi," na mkulima huyo akiwa msomi, walaji watamsikiliza asemapo bei yake. Mtakapopewa jembe shuleni, ulizeni sababu ya kila tuta na hesabu ya kila gunia. Mkijibiwa, jueni kuwa mmepokewa nyumbani, nanyi limeni.